Sabuni ya Kuvua Koti

4 Februari

Kwako Chiriku wangu,

Marahaba mwanangu, najua umeshaniamkia hata kabla hujachana bahasha. Mimi mzima, nyumba nzima, bati linavuja palepale. Barua hii nampa Barafu, yule dereva wa lori la baridi. Akija kuchukua chupa za plazma hapa kituoni kwetu, atakuletea hadi kiwandani kwenu. Simu sitaki tena. Simu ni ya jirani, na jirani akinipa simu ananipa na masikio yake. Nikikuuliza kama unalala vizuri, kesho sokoni naulizwa mwanangu ana nini halali.

Kaka yako Fundi, goti la kushoto limevimba tena. Hakuanguka, hakugongwa, alikanyaga cherehani kutwa nzima kwa ajili ya sare za shule, na damu ikavuja humo ndani kwa ndani kama kawaida yake. Wakamchoma dawa yake ya kugandisha, likanywea. Lakini nesi alimwambia dawa zimeanza kuwa chache. Watu hawaji kutoa plazma, wanaogopa hii homa mpya, hata foleni hawataki kukaa. Mimi naenda. Wewe wanijua, siku yangu ikifika sikosi. Walinipima wakasema damu yangu inaganda vizuri tu, ingawa ni mimi niliyemzaa huyu ambaye yake haigandi. Hilo naliweka moyoni. Nikilala kwenye kile kiti chao, mashine inavuta damu, inabakiza yale maji ya njano, nyekundu inanirudishia, nasikia kama namrejeshea mwanangu kitu nilichomnyima tumboni. Wamebandika na picha yangu ukutani, nimenyoosha mkono, nimecheka mpaka pengo linaonekana.

Sasa nina swali. Fundi hasemi, lakini namwona anaiinua ile chupa ya dawa kwenye mwanga kabla hajachomwa. Anamkumbuka mjomba wako. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Kaka yangu yule alikuwa na damu kama ya Fundi, na dawa kama hii ndiyo iliyomtia ugonjwa, enzi hizo hawajajua kuisafisha. Alikauka tunamtazama. Watu wakasema ni uasherati, na sisi tukaona aibu, tukawaacha waseme.

Kwa hiyo niambie, hii homa mpya haiwezi kuingia kwenye dawa? Mnaisafishaje? Nieleze kama unamweleza mtu aliyetoka shule kabla hajajua kugawanya, maana ndivyo nilivyotoka.

Kula. Usivae soksi mbichi huko kwenye baridi.

Mama yako.


11 Februari

Mama mpenzi, shikamoo.

Soksi zangu zimekauka, nimekula, nimelala. Mwambie na jirani.

Swali lako umemuuliza mtu wake. Wageni wakija kiwandani, mimi ndiye wa kuwatembeza, kwa hiyo hotuba ninayo mdomoni. Hili jina mlilonipa linanilisha.

Mchukulie kirusi kama mwizi aliyevaa koti la mafuta. Hilo koti ndilo linalomsaidia kushika mlango wa mwili na kuingia. Sisi tuna sabuni yetu maalumu. Tukiitia kwenye plazma, koti linayeyuka lote. Anabaki uchi, na akiwa uchi hana nguvu ya kuingia popote. Halafu sabuni yenyewe tunaitoa. Halafu dawa inapashwa moto saa nyingi, si moto wa kuchemsha, ni moto wa kumchosha aliyejificha. Halafu inapitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo kuliko unavyoweza kufikiria. Chujio lako la chai ni lango la ng'ombe mbele yake. Mjomba angekuwa mgonjwa wa siku hizi, mama, angekuwa hai anatusumbua.

Kwa hiyo Fundi aache kuangalia dawa kwenye mwanga, hakuna cha kuona. Sisi hapa hata mkituletea maji ya mtaro, yatatoka ya kunywa.

Wasomee na hao waoga wa foleni. Waje.

Wako,
Chiriku.


26 Februari

Chiriku wangu,

Barua yako imefanya kazi kuliko wewe ulivyodhani. Niliibeba kituoni nikawasomea. Nesi alikuwa ndani, sisi tupo kwenye mabenchi, muuza mkaa yupo, yule mama wa saluni yupo, na wengine. Nilipofika pale kwenye chujio la chai na lango la ng'ombe walicheka, muuza mkaa akasema soma tena hapo pa koti. Nikasoma tena. Mama wa saluni akasema, kumbe wanafua. Nikamwambia wanafua, tena wanapiga na pasi. Nilijisikia mrefu, mwanangu. Mtu ambaye hajui kugawanya anawafundisha watu virusi.

Juzi nilikwenda tena kutoa. Mambo yalikwenda vizuri. Kabla ya hapo nilikuwa nimelala lala kidogo nyumbani, uchovu tu, unajua nguo za wateja wa Fundi zile nilizofua zilikuwa nyingi. Usianze kufikiria.

Fundi yupo. Dawa aliyonayo nyumbani ni ya kuchomwa mara moja tu, nyingine ameambiwa asubiri. Anakanyaga cherehani polepole kama mtu anayenyemelea kuku.

Halafu nilitaka kukuuliza, hiyo sabuni yenu inafua kila kitu? Yaani kila aina? Nauliza tu kwa sababu wakiniuliza tena pale nijue la kujibu.

Mvua imekataa. Jua linachoma mpaka kamba ya nguo inakatika.

Mama yako.


5 Machi

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sikujua ungeisoma yangu mbele za watu. Ni uongo, nilikuambia wasomee. Sikujua maana yake, tuseme hivyo.

Hapana, mama. Sabuni haifui kila aina. Ile hotuba ni ya wageni, na wageni tunawapa ya kufurahisha. Wapo virusi ambao hawana koti kabisa, na sabuni yetu kwao ni kama kumwagia jiwe maji. Kwa hao tunategemea moto na chujio, na wapo wadogo mno ambao hata chujio wanapenya wachache. Na huyu wa homa mpya, mama, bado hatumjui. Wanasayansi wetu wanamjaribu sasa hivi: wanamtia kwenye plazma kwa makusudi, wanapitisha sabuni, wanapitisha moto, halafu wanahesabu nani amebaki. Majibu bado. Mkuu wangu wa chumba cha baridi ametuambia kwa sasa hatusemi ndiyo wala hapana.

Ndiyo maana chupa zinakaa kwanza kwenye baridi. Hazifunguliwi zikifika. Zinasubiri, ili mtu aliyeugua kabla au baada ya kutoa apate nafasi ya kurudi kusema. Mashine zote hizi nilizokusifia zinakuja nyuma. Mlango wa kwanza ni mtu mwenyewe, akiulizwa na nesi "umepata homa?", ajibu ukweli. Hilo ndilo nililoliacha kwenye barua, kwa sababu halina chujio wala koti, halichekeshi.

Jambo jingine. Barafu alinikuta getini akiwa anacheka. Anasema siku ile anachukua chupa alikuona unatoka kituoni umevaa sweta, jua la saa saba, umelifunga vifungo hadi shingoni. Anasema alikuuliza mama vipi, ukamwambia ni fasheni.

Mama, ulikuwa unaumwa?

Ukiniambia hapana, nitaamini.

Chiriku.


12 Machi

Chiriku,

Huyo Barafu amwambie mke wake amshone mdomo, na kama mke wake hawezi ampeleke kwa Fundi.

Nilisikia baridi. Mtu mzima akisikia baridi anavaa sweta. Sasa hata nikivaa nguo nieleze? Nimewazaa nyie, nimewalea, leo naulizwa kama mwizi wa kuku na mtoto niliyemfuta makamasi.

Na nikuulize mimi. Kama kila mtu mwenye kikohozi akienda kusema, kila mwenye kichwa kuuma akienda kusema, chupa zikimwagwa zote, Fundi atachomwa nini? Utamchoma ukweli? Juzi asubuhi ameamka fizi zinavuja, kwa kupiga mswaki tu. Ile dawa moja aliyonayo amekataa kuitumia, anasema anaitunzia goti. Amekaa na kitambaa mdomoni asubuhi nzima, anashona na kitambaa mdomoni, mteja akija anamwambia kwa ishara. Mimi nikatoka nje nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Wewe uko na mashine zako kubwa. Mimi niko na huyu.

Fagio nililokuahidi nitampa Barafu safari ijayo, kama nitakuwa ninaongea naye.

Mama yako, ambaye haumwi.


16 Machi

Mama, shikamoo.

Nimesema nitaamini, na sitauliza mara ya pili. Sikulelewa kumwita mama yangu mwongo.

Nikuambie tu kazi yangu ilivyo, maana naona sijawahi kukuambia ile ya kweli. Navaa buti na koti zito, naingia kwenye chumba cha baridi, pumzi inatoka nyeupe kama natoa moshi. Natoa chupa moja moja, natazama namba, naweka kwenye kikapu. Hazina majina. Ya muuza mkaa, ya mwalimu, ya mtu nisiyemjua wa mji nisioujua, zote zimeganda njano vilevile. Halafu zinafunguliwa na kumiminwa kwenye pipa moja kubwa la chuma, za maelfu ya watu pamoja. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kusema hii ni ya nani. Ya mmoja imeingia kwa wote. Na dawa inayotoka hapo inakwenda kwa akina Fundi wengi, kila mmoja na mama yake.

Chupa za kituo cha kwetu za mwezi wa pili zitafunguliwa mwisho wa mwezi huu.

Mjomba na yeye alichomwa dawa iliyotoka kwenye pipa. Nafikiri mara nyingine, huenda palikuwa na mtu mmoja tu aliyejisemea, mimi nina nini, uchovu tu.

Fagio sihitaji. Mpe Barafu salamu.

Chiriku.


21 Machi

Dada Chiriku,

Ni mimi kaka yako, usishtuke, mwandiko ni mbaya kwa sababu nimezoea chaki na kitambaa. Mama hajui naandika. Amekwenda kuanika.

Aliumwa. Siku tatu kabla ya kwenda kutoa. Homa ile ile, viungo vinamuuma mpaka sufuria haishikiki, na vipele vimemjaa kifuani na mikononi. Sweta lilikuwa la kuficha vipele. Alimeza vidonge ili kipimo cha joto pale kituoni kisimtaje. Vidonge vyenyewe nilimpa mimi.

Hilo nataka ulijue kutoka kwangu. Nilimwona anavaa sweta mbele ya kioo, anashusha mikono mpaka kwenye vidole, na mimi nimekaa kwenye cherehani nikainamisha kichwa nikatunga uzi. Uzi ulikuwa umeshatungwa. Nilijiambia barua ya dada imesema wanafua. Lakini ukweli ni goti, dada. Nilifikiria goti langu. Mtu aliyemwona mjomba akifa, amekaa kimya kwa sababu ya goti.

Tangu barua yako ya pipa, mama hakai nami kula. Anasema ameshiba. Jana aliniuliza, wewe ungejua dawa imetoka kwa mgonjwa, ungekubali kuchomwa? Nikamjibu kwa mzaha kwamba chupa haina sura. Hakucheka. Akaniambia, ya mjomba wako pia haikuwa na sura.

Nakuomba usimtaje jina kwa mabosi wako. Aende mwenyewe. Keshokutwa kituo kinafunguliwa. Asipokwenda, nakwenda mimi, goti litajua lenyewe.

Fundi.


24 Machi

Mwanangu Chiriku,

Nimekwenda.

Sijui nianzie wapi kwa hiyo naanzia kwenye viatu. Jana asubuhi nimetoka uani nikamkuta kaka yako ameketi kwenye ngazi anavaa vile viatu vya kufunga kamba. Hawezi kukunja goti. Alikuwa amenyoosha mguu mbele, anajaribu kurusha kamba kama mtu anayevua samaki. Nikamuuliza unakwenda wapi. Akasema, kituoni, mama, kuna maneno nayapeleka. Hakuniangalia. Nikasimama pale na beseni mkononi, na nikajua anajua, na nikajua amejua tangu siku ile. Nikamwambia vua. Akasema, mama. Nikamwambia vua viatu, hayo maneno ni yangu.

Sweta sikulivaa. Vipele vimebaki madoa tu lakini vinaonekana.

Nilikuwa nimepanga nitamvuta nesi pembeni. Nikakuta yule nesi wangu hayupo, yupo nesi mzee aliyekuja kumshikia zamu, amekaa nyuma ya kile kioo chenye kitundu, na masikio yake ni ya kubahatisha. Nikainama kwenye kitundu nikanong'ona, ile siku nilipotoa nilikuwa na homa. Akasema, nini mama? Nikanong'ona tena. Akasema, una hoja? Sema kwa sauti, hapa hatuumani. Nyuma yangu mabenchi yamejaa. Picha yangu iko ukutani inacheka. Nikasema kwa sauti, nilikuwa na homa nikasema sina, nikameza vidonge, nikavaa sweta. Yakatoka yote kwa mkupuo kama matapishi, mwanangu, na kila mtu akayasikia.

Nilitaka sakafu inichukue. Mama wa saluni ameshika mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha pale.

Halafu muuza mkaa akainuka. Akaja akasimama karibu yangu, akamwambia nesi, na mimi niandike hapohapo. Nilikuwa na homa ile ile mwezi uliopita. Akanigeukia, hakuwa na hasira, aliniambia kama anaomba radhi: "Mama, ulisema wanafua." Nyuma yake akainuka kijana wa baiskeli. Alinyoosha mkono tu kama yuko darasani.

Hapo ndipo nilipolia. Ya kwangu moja nilikuwa nimejiandaa nayo. Sikujua kwamba barua niliyoisoma kwa mdomo wangu, na madaha yangu, imewafunga na wengine midomo. Nilifikiri nimewaletea ujasiri.

Nesi mzee hakufoka. Alichukua namba zetu, akapiga simu hukohuko kwenu tukimsikia, alizisoma namba moja moja kwa sauti yake ya kiziwi, nadhani hadi barabarani walisikia. Akaniambia nisitoe mpaka watakaponiita. Nikamwomba basi ile picha aitoe. Akaitazama, akasema, "Hiyo inaziba ufa, mama. Iache."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Nisamehe yale maneno ya makamasi. Nilikuwa naogopa, na nikiogopa nakuwa mkali, hilo umeliona tangu utoto wako. Kaka yangu nilimnyamazia wakati watu wakimsema vibaya, na safari hii tena nimenyamaza. Sijui ni damu gani hii tuliyonayo, ambayo mwilini haigandi na mdomoni inaganda.

Niambie tu kama nimewahi.

Mama yako.


2 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Umewahi.

Barua ya Fundi ilinifikia kabla ya yako. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mkuu wangu, nikamwambia chupa zote za kituo cha kwetu zisiguswe. Akaniuliza kwa nini, nikasema kuna mtu ameumwa, jina sina ruhusa nalo. Akazizuia zote, mama, nzima na mbovu, kwa sababu bila namba hatukuweza kuzitenganisha. Nililala vibaya nikifikiria dawa zote hizo zimekaa bure na Fundi anatafuna kitambaa. Asubuhi yake simu ya nesi ikaingia. Kumbe hata hapa ofisini walimsikia bila kuishika. Namba zikapatikana, zile nyingine zikaachiwa.

Ni mimi niliyetumwa kuzitoa. Nikaingia na buti zangu. Tatu. Nilizitoa nikaziweka kwenye kikapu peke yake, na moja ni yako na sikujua ni ipi. Nilisimama pale kwenye baridi muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Nilizishika zote tatu kwa namna moja.

Zilipimwa. Mbili zilikuwa na kirusi cha homa mpya. Majibu ya sabuni bado hayajatoka, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kingefuliwa na siwezi kukuambia kwamba kisingefuliwa. Hatujui. Naandika neno hilo peke yake kwa mara ya kwanza.

Nilimwambia mkuu wangu pia habari ya barua yangu, ile ya maji ya mtaro. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, nani alikwambia useme hakuna kinachopita? Nikasema hakuna, nimejiongezea, ilikuwa inanoga. Sitembezi wageni tena kwa sasa. Anatembeza mwenzangu, anasoma kwenye karatasi, wageni wanapiga miayo. Nikipita karibu nainamisha uso.

Wewe ulidanganya kwa mdomo mmoja, mama. Mimi nilidanganya mabenchi mazima nikiwa mbali, na kicheko juu.

Goti la Fundi likoje? Niambie kweli.

Chiriku.


9 Mei

Chiriku wangu,

Umeniambia nikuambie kweli, basi kweli. Dawa ya Fundi ilichelewa. Si kwa sababu ya zile tatu tu, ilikuwa imechelewa kila mahali, lakini mimi nikihesabu siku naona ni zile tatu. Goti lilivuja tena kabla haijafika, na ile moja aliyoitunza haikutosha. Sasa limekuwa gumu, halikunjiki ila kidogo tu. Anakanyaga cherehani kwa mguu wa kulia peke yake na mishono inakwenda upande kidogo. Wateja anawaambia ni fasheni. Akisema hivyo ananitazama, na mimi naondoka pale, kisha narudi kwa sababu hakuna pengine pa kwenda.

Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu. Jana dawa mpya imefika, akaiinua kwenye mwanga kama zamani. Nikataka kumwambia hakuna cha kuona. Badala yake nikasogea, nikaitazama pamoja naye.

Muuza mkaa ananisalimu. Mama wa saluni ananisalimu kwa mbali, lakini ananisalimu. Barafu nimempa fagio lako, na nimemwomba radhi, akasema yeye alifikiri kweli ni fasheni.

Waliniita wiki hii, muda wangu wa kukaa nje umekwisha. Nikaenda. Barua yako ya mwisho niliibeba. Nesi wangu amerudi, nikamwomba ruhusa, nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama na ile ya kwanza, nikawasomea. Yote, hata pale pa "hatujui". Hakuna aliyecheka, haina pa kucheka. Muuza mkaa akasema soma tena hapo. Nikasoma tena hapo.

Zamu yangu ikafika. Nesi akaniuliza, mama, umepata homa siku hizi? Nikamwambia homa sina. Akashika kalamu. Nikamwambia, ila tangu jana koo linawasha, na asubuhi nimepiga chafya. Akaniangalia. Anajua jinsi nilivyokisubiri kile kiti. Akasema kwa upole, basi mama, rudi nyumbani, utakuja ukipona.

Mabenchi yalikuwa yamejaa, mwanangu, na mlango uko mwisho kule. Nilipita mbele yao wote na mkono wangu haujatobolewa, jua likiwa kali, nimevaa mikono mifupi.

Kula, na ukaushe soksi.

Mama yako.